Joto lililotangulia kutoka: shajara ya vifuko viwili

Jumamosi, 1 Februari

Kipa wetu ametegua kifundo cha mguu tena, na barafu hakuna. Aliyekuwa akituuzia karibu na uwanja amefunga biashara, na duka jingine liko ng'ambo ya barabara kuu. Ukienda ukirudi, mechi imekwisha. Mimi ni fundi wa friji hapa Kisauni, Mombasa. Nashinda kutwa nikiwarudishia watu baridi majumbani mwao, halafu timu ya mtaani kwangu yakanda mguu kwa maji ya bomba yenye nyuzi 29. Aibu.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Alikuja kunisalimia jioni, nikamweleza, akasema, "Mjomba, kuna chumvi ukiitia majini maji yapoa yenyewe. Tumeisoma juzi tu."

Ndipo nikafungua daftari hili. Mradi ni vifuko viwili. Cha kwanza ni cha baridi, cha timu, kisichotaka umeme. Cha pili ni cha moto, cha magoti ya Mama, anayeamka usiku wa manane na hawezi kuinama kuwasha jiko.

Kipimajoto ninacho, kile chenye waya ninachopimia friza. Chombo nimekitengeneza kwa vikombe viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, katikati nikashindilia sponji niliyoibandua kwenye ukuta wa friji mbovu. Mizani yangu ya gesi haioni gramu mojamoja, kwa hiyo nimeazima ya sonara mmoja wa Mji wa Kale. Ameniapisha isiguswe na chumvi.

Jumatano, 5 Februari

Tumeanza na chumvi ya jikoni. Gramu 10 ndani ya mililita 100 za maji. Kutoka nyuzi 29.3 tumefika 28.1, basi. Mpwa alivunjika moyo. Mimi sikuvunjika, kwa sababu nilikuwa nimeyaona mahesabu yaliyo nyuma ya hiyo nyuzi moja na ushei.

Kitabu chake kinauita mpangilio wa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ndani ya fuwele kwa neno la Kiingereza ambalo halimwambii kitu. Nikamwambia tuuite kimia. Kimia ni ule wavu wa matundu madogo, na ndiyo sababu mtangazaji wa mpira husema bao limetinga kimiani. Ndani ya chembe ya chumvi, ioni za sodiamu na za kloridi zimesukwa zamu kwa zamu, na kila moja imezungukwa na sita za aina ya pili: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kukifumua kimia cha moli moja (kipimo cha idadi ya chembe; kwa chumvi hii ni gramu 58.4), mpaka kila ioni ielee peke yake, hugharimu kama kilojuli 788. Maji nayo, yakizizunguka ioni hizo, oksijeni ikielekea sodiamu na hidrojeni ikielekea kloridi, hurudisha kama 784. Mfanyabiashara ametoa laki saba na themanini na nane elfu, akapokea laki saba na themanini na nne. Mfukoni anaonekana na hasara ya elfu nne tu, na asiyejua atasema leo hakufanya biashara kubwa.

Kipimajoto kinaona hizo nne. Yaliyopita katikati hakiyaoni.

Jumapili, 9 Februari

Leo hatukupima chochote. Kulikuwa na wito wa friza mbili za samaki, nikarudi usiku na harufu zake. Lakini tulikaa barazani tukabishana juu ya jambo moja, na naliandika kwa sababu nadhani vitabu vya shule vinawapotosha watoto.

Mpwa alinisomea kwamba sodiamu "inataka" kutoa elektroni na klorini "inataka" kuipokea, kwa hiyo zikikutana zinafurahi na chumvi inaundika. Nikamwambia tuhesabu. Njia ya kuhesabu ni ile waliyoionyesha wanasayansi Max Born na Fritz Haber mwaka 1919, nayo imesimama juu ya kanuni ya Hess ya mwaka 1840: ukipita njia fupi au ukazunguka, jumla ya joto ni ileile. Kama vile kutoka Kisauni kwenda mjini. Upite darajani Nyali au uzunguke unakojua wewe, mwisho umefika pale pale.

Basi tukazunguka. Kuigeuza sodiamu kutoka chuma kuwa gesi, toa 108. Kuinyang'anya elektroni moja, toa 496. Kuipasua klorini ipatikane atomi mojamoja, toa 122. Klorini ikiipokea elektroni inarudisha 349. Mpwa akajumlisha, akatazama karatasi, akajumlisha tena. Mpaka hapo tumekula hasara ya kilojuli 377 kwa moli!

"Sasa yafaidika wapi?" akauliza.

Kwenye kimia. Ioni zikiachwa zikimbiliane na kujisuka, hutoka 788 kwa mara moja. Toa 377, zabaki 411, na hizo ndizo joto la kuundika kwa chumvi kutoka sodiamu na klorini. Sodiamu haitaki kutoa kitu. Hata ukilinganisha ile 496 na ile 349, kupokezana elektroni peke yake ni hasara ya 147. Mpangilio ndio unaolipa deni la wote. Nikamwambia akijibu hivyo kwenye mtihani ataje na namba, asije akaonekana mbishi.

Jumapili, 16 Februari

Kifuko cha baridi. Chumvi inayofaa kuliko zote ni nitrati ya amoniamu, inayonyonya kama kilojuli 26 kwa moli. Nimeikataa. Ni mbolea, lakini ni baruti pia; tarehe 4 Agosti 2020 tani 2,750 zake zililipuka bandarini Beirut, na sisi hapa tunalala tukisikia honi za meli. Sitaki hata kuonekana nikiiulizia.

Badala yake nimechukua kloridi ya amoniamu, ile chumvi nyeupe ambayo mafundi wa kulehemu husugulia ncha ya chuma chao. Yenyewe hunyonya kama 15. Gramu 30 ndani ya mililita 100, nikatikisa: 29.4 ikaenda 24, ikaenda 17, ikatulia 13.1. Kikombe kilianza kutoa jasho kwa nje mbele ya macho yetu. Mpwa alichora kidole juu ya lile jasho kama mtoto anayeandika kwenye kioo cha matatu siku ya mvua.

Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Ikiwa kukifumua kimia hiki kunagharimu zaidi ya maji yanavyolipa, kwa nini chumvi ikubali kuyeyuka? Nani anafanya kazi ya hasara?

Nilimpa mfano wa watoto wa chuoni. Mwalimu akisema "nendeni", hakuna anayewalipa watawanyike; wakikaa safu wana namna moja tu ya kukaa, wakitawanyika wana namna elfu. Ioni zilizokuwa zimesukwa kimiani zikipata maji zina pa kwenda, na kule kutawanyika, wenye elimu wanakokuita entropi, kuna uzito wake kwenye mizani. Joto linalopungua limechukuliwa kutoka kwenye maji yenyewe. Hili mimi ndilo riziki yangu: gesi ikichemka ndani ya mabomba ya friza huchukua joto la samaki ili ichemke. Baridi haitengenezwi na mtu. Joto ndilo huhamishwa.

Kifuko chenyewe: pakiti ngumu ya maziwa iliyooshwa, ndani yake chumvi kavu, na ndani ya chumvi kijifuko chembamba cha maji nilichokiziba kwa mshumaa na kipande cha msumeno, kama wauza barafu za watoto wanavyofanya. Ukikipiga ngumi, cha ndani hupasuka. Cha kwanza kilipasukia mfukoni mwangu nikiwa juu ya pikipiki. Cha pili na cha tatu vimefanya kazi.

Jumamosi, 22 Februari

Kifuko cha moto, na siku mbaya.

Kloridi ya kalsiamu ikiwa kavu kabisa hutoa kama kilojuli 81 kwa moli ikiyeyuka. Ioni ya kalsiamu ina chaji mbili na ni ndogo, kwa hiyo maji huing'ang'ania kwa nguvu, na malipo yanazidi gharama ya kimia. Kwa gramu 10 ndani ya mililita 100 tulihesabu tutapanda nyuzi 17, tukipoteza kidogo basi 15. Nilinunua kopo lililoandikwa "kavu". Tukatia. Tukakoroga. Imepanda nyuzi 7.

Tumerudia. Saba.

Nilikuwa tayari kurudi dukani kugombana. Mpwa akanizuia, akasema labda kipimajoto. Tukakipima kwenye maji yanayochemka, kiko sawa. Nikalala na hasira.

Jumatatu, 24 Februari

Nimelijua kosa nikiwa kazini, chini ya friji ya watu, nikibadilisha draya. Draya ni kile kichupa cha shaba chenye punje za kunyonya unyevu. Kila fundi anajua kwamba hakifunguliwi mpaka dakika ile unapokifunga kwenye bomba, kwa sababu hewa ya Mombasa ikikiona imekijaza maji, na draya iliyojaa haina kazi tena. Nimelifundisha jambo hilo kwa vijana watatu. Na lile kopo limekaa kwenye rafu ya duka, limefunguliwa na kufungwa mara ngapi?

Usiku nimeweka gramu 20 juu ya kisahani dirishani.

Jumanne, 25 Februari

Alfajiri: gramu 26.1. Punje zimelowa, zimeshikana kama sukari iliyomwagikiwa chai. Saa tisa alasiri hapakuwa na punje. Kisahani kina dimbwi.

Jioni tukafanya la maana zaidi. Gramu 10 kutoka ndani kabisa ya kopo, kwenye kikaango kizito juu ya moto mkali, mpaka zikaacha kupungua. Zimebaki gramu 7.6. Mpwa akakaa na kalamu: moli moja ya chumvi kavu ni gramu 111, ukiongeza maji mawili ni 147, na 111 kwa 147 ni asilimia 75 na nusu. Kwa hiyo kila kalsiamu ndani ya kopo letu ilikuwa imeshika molekuli mbili za maji kabla hatujalinunua. Chumvi ya namna hiyo hutoa kama kilojuli 45 tu, na ukipiga hesabu kwa gramu 10 unapata nyuzi 7. Mwenye duka nilimdhania vibaya. Labda hata yeye hajui kilichomo.

Zile gramu 7.6 tukaziacha zipoe ndani ya chupa iliyofungwa pamoja na draya mpya, kisha tukazitia majini. Zimepanda nyuzi 12. Idadi ya kalsiamu ni ileile iliyokuwa ndani ya zile gramu 10. Maji ni yaleyale, kikombe ni kilekile. Saba kabla, kumi na mbili baada.

"Mjomba," akasema, "maji yalitangulia."

Ndiyo hivyo. Joto tulilolitaka lilishatoka zamani, dukani, kidogo kidogo, kila kopo lilipofunguliwa na mvuke wa bahari ukaingia. Hakuna aliyelihisi. Kuyeyuka kulikuwa kumekwisha kuanza hewani, na sisi tumenunua sehemu ya pili ya hadithi.

Jumamosi, 1 Machi

Nilitaka kuhakikisha kwamba si kalsiamu peke yake. Kwenye kabati la Mama kuna haluli, ile chumvi ya kuharishia ambayo kila mtoto wa pwani anaijua na kuikimbia. Kwa kemia ni salfeti ya magnesiamu, na ile ya dukani inakuja na maji saba kwa kila moli, yaani nusu ya uzito wake ni maji.

Gramu 10 kama ilivyo: 29.0 ikashuka hadi 27.6.

Kisha nikakaanga gramu 50. Ilitoa mvuke, ikapasukapasuka, ikawa unga mweupe usio na mng'ao, zikabaki gramu 28. Gramu 10 za unga huo: 29.0 ikapanda hadi 38.6.

Mama alikuwa mlangoni anatazama. Haluli moja, kutoka pakiti moja. Hii yapoza na hii yachemsha. Akauliza nani ameniambia nikaange dawa yake.

Mpwa alieleza vizuri kuliko mimi. Magnesiamu iliyokuja na maji yake imeshakumbatiwa, imeshalipwa, haina cha kudai tena majini. Kilichobaki ni gharama ya kukivunja kimia, kwa hiyo maji yapoa. Iliyokaangwa imenyang'anywa maji yake kwa moto wa jiko letu, na moto ule imeuweka kama amana. Ikirudi majini inaurudisha.

Kesho Ramadhani inaanza, inshallah. Daftari litalala kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi mchana haziendi, na usiku kuna mashindano ya mtaani baada ya tarawehe. Vifuko vinne vya baridi vimetumika. Kimoja kiligoma, chumvi ilikuwa imeshikana kama jiwe. Nacho ni unyevu. Sasa nachanganya chumvi na punje chache za mchele uliokaushwa, kama mikebe ya mikahawa. Joto la kifuko lilikaa chini ya nyuzi 20 kwa dakika 18 chini ya leso. Mwamuzi ametaka kujua bei.

Jumamosi, 12 Aprili

Shule zimefungwa, mpwa amerudi, na masika yamefika. Nguo hazikauki, chumvi ya mezani haimwagiki. Kloridi ya kalsiamu nimeiacha kabisa kwa kifuko cha Mama. Hata nikiikausha leo, kifuko chenye tundu la sindano kitakufa taratibu kabatini, na atakuja kukijua saa tisa usiku magoti yakimuuma.

Tulitafuta chumvi ambayo maji yake imeshayachukua na haina haja na ya hewani, na joto lake tulipate kimia kinapojisuka badala ya kinapofumuliwa. Nayo ni asetati ya sodiamu yenye maji matatu. Inayeyuka kwa nyuzi 58, lakini ikiyeyuka yote na kupoa bila kuguswa, husahau kuganda. Hukaa majimaji hata kwenye nyuzi 29. Ikipata chembe moja ya fuwele inakumbuka, na kimia kinajisuka chote kwa sekunde, kikitoa kama juli 264 kwa kila gramu.

Lita tatu za siki nyeupe ya asilimia 5, gramu 210 za soda ya kupikia, tia kidogo kidogo maana yafurika. Sufuria iwe ya stili. Kisha uchemshe mpaka lita tatu zibaki kama glasi moja na nusu. Saa nne na nusu. Jirani wa kulia alipiga hodi kuuliza kama tunatengeneza achari ya harusi.

Mara ya kwanza nilichemsha kupita kiasi, utando mweupe ukatanda juu, na nilipoiondoa motoni ikaganda yote sufuriani kwa kishindo cha kimya, mwiko ukasimama wima. Nikaongeza vijiko vitatu vya maji, nikayeyusha upya, nikafuta kingo zote kwa kitambaa kilicholowa ili isibaki hata punje, nikafunika.

Saa mbili usiku ilikuwa nyuzi 30, safi kama maji ya dafu. Mpwa akadondosha chembe moja kwa ncha ya kijiti. Nyota nyeupe ikachanua pale ilipoanguka, sindano zikakimbilia kingo za glasi, na kabla hajamaliza kusema "Subhanallah" glasi ilikuwa imeganda. Kipimajoto: 54. Sijui tumekaa muda gani tukiishika kwa zamu.

Jumamosi, 19 Aprili

Kifuko cha Mama kimekamilika: gramu 340 ndani ya mfuko mnene, shingo imefungwa kwa mpira, na kichupa kidogo cha chembe kimeshonewa kwenye kitambaa cha nje. Kinakaa juu ya nyuzi 40 kwa muda wa swala na wirdi zake zote. Kukirudisha ni kukitia kwenye maji yanayochemka mpaka kisibaki na weupe wowote.

Mama amekitumia siku tatu. Hukumu yake: "Kwani mfuko wa maji ya moto ulikuwa na makosa gani?" Nikamwambia huu haumtaki awashe jiko usiku. Akanyamaza, akaugeuza upande wa pili wa goti.

Jana uliganda wenyewe mchana, kabatini. Nimeukagua: punje moja ilibaki kwenye kunjo la shingo, haikuyeyuka. Nimeuchemsha tena dakika kumi zaidi, kunjo likiwa chini ya maji.

Ya wiki ijayo: siki ya jumla, vifuko sita vya timu, na kumrudishia sonara mizani yake. Kuna weupe kidogo pembeni ya sahani yake. Sijui nitaanza vipi kumweleza.